Tovuti Yako Ikichelewa, Mteja wa Sotik Ashahepa

Wacha niseme hii maneno mapema ndio tusisumbuane: kama unauza kitu mtandaoni na tovuti yako inachukua sekunde kumi kufunguka, wewe huna duka. Una mlango uliokwama. Watu wanakuja, wanasukuma kidogo, wanaona haufunguki, wanaenda kwa jirani. Na hawatakuambia. Mteja wa mtandaoni hana ile adabu ya mteja wa soko ya kusema "nitapita kesho." Anafunga ukurasa, anarudi TikTok, na wewe unabaki ukilaumu uchumi.

Najua mada ya kasi ya tovuti inasikika kama stori ya wasee wa kompyuta huko Nairobi. Lakini mimi naandika kutoka Sotik, na msimamo wangu ni kwamba sisi wa huku, kuanzia Litein, Kapkatet na Kaplong mpaka Chebilat, ndio tunafaa kuijali hii kitu kuliko mtu wa Westlands mwenye waifai kwa nyumba. Yeye akiingia kwa tovuti nzito, anaona kakuchelewa kadogo tu. Sisi tunaona kiduara kikizunguka mpaka simu inazima skrini yenyewe.

Majani hayangoji lori

Kama umekulia huku, hii utaielewa haraka. Majani mawili na chipukizi yakishachumwa, saa imeanza kuhesabu. Yakikaa sana kwa gunia yanapata joto, yanabadilika rangi, na ubora unashuka. Ndiyo maana lori la kiwanda likichelewa kufika kituo cha kununulia chai, watu wanaanza kunung'unika na kupiga simu. Hakuna mkulima anayesema, "Wacha tu, majani yangu ni mazuri, yatangoja."

Sasa, hamu ya mteja ni kama hayo majani. Ameona video yako ya viatu, roho imependa, kidole kimebonyeza. Wakati huo hamu iko mbichi kabisa. Kila sekunde anayongoja, inanyauka. Sekunde ya kwanza bado anafikiria viatu. Sekunde ya tano anafikiria bando. Sekunde ya nane anajiuliza kama wewe ni mkora. Sekunde ya kumi ameona meseji ya mtu mwingine na amekusahau.

Halafu hapa kwetu hii mambo si ya kujifurahisha. Mei 2023 waandamanaji huko Kericho walichoma mashine za kuchuma chai. Unaweza kubishana kuhusu kuchoma, lakini hasira iliyokuwa nyuma yake kila mtu huku aliielewa: mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi, na hiyo mikono ilikuwa inalisha nyumba. Kijana wa huku akiangalia mbele leo, haoni tena ile uhakika ya "nikikosa yote, nitaenda kuchuma." Ndiyo maana wengi tunajaribu bahati mtandaoni. Kuna anayeuza jezi, kuna anayeuza mitumba, keki, shanga, asali, hata majani ya chai yaliyofungwa vizuri na mursik. Kama hiyo ndiyo kazi tunayoikimbilia, basi tujue kitu gani kinaiua. Kwa maoni yangu, moja ya vitu vinavyoiua kimyakimya ni uzito wa tovuti.

Wakubwa walishapima

Usiniamini mimi bure. Wenye pesa walishapima hii kitu kitambo.

Mwaka 2006, Marissa Mayer, ambaye wakati huo alikuwa Google, alieleza jaribio lao moja. Watu walikuwa wamesema wanataka kuona matokeo mengi zaidi wakitafuta kitu. Google ikawapa 30 badala ya 10. Ukurasa wa matokeo 30 ukawa unachelewa kwa karibu nusu sekunde zaidi. Utafutaji ukashuka kwa asilimia 20 hivi. Fikiria hapo: watu walipewa kitu walichoomba wenyewe, lakini kwa sababu kilikuja kikiwa kimechelewa nusu sekunde, wakakitumia kidogo. Mwaka huohuo Greg Linden, aliyekuwa mhandisi Amazon, akaeleza kwamba wao pia walijaribu kuchelewesha kurasa makusudi, sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa wakati mmoja, na hata hivyo vipande vidogo vilipunguza mauzo.

Miaka kumi baadaye, 2016, Google ikatoa ripoti kuhusu simu: asilimia 53 ya watu wanaotembelea tovuti kwa simu wanaondoka ikiwa ukurasa unachukua zaidi ya sekunde 3. Sekunde tatu, buda. Hesabu hapo ulipo: moja, mbili, tatu. Zaidi ya nusu wamehepa.

Na kuna jaribio la Vodafone huko Italia ambalo mimi napenda sana kwa sababu ni safi. Walitengeneza kurasa mbili zinazofanana kwa macho, ofa ileile, rangi zilezile. Tofauti ilikuwa kasi peke yake. Ule uliofanywa kuonyesha kitu chake kikuu haraka kwa asilimia 31 ukaleta mauzo zaidi kwa asilimia 8. Hawakushusha bei. Hawakulipa msanii aimbe. Walitoa uzito tu.

Ukisema hiyo ni Ulaya, njoo karibu. Jumia tunaijua, iko Kenya tangu 2013. Walipotengeneza toleo jepesi la tovuti ya Jumia Travel kwa ajili ya simu, idadi ya wanaomaliza kununua ilipanda kwa asilimia 33 ukilinganisha na tovuti yao ya zamani ya simu, wanaoingia na kutoka mara moja wakapungua kwa nusu, na data iliyotumika ikawa mara tano chini. Hao walikuwa wateja wa Afrika, wenye simu kama zetu na mitandao kama yetu.

Tufanye hesabu ya mfano, si takwimu za mtu. Video yako imevuma, watu 1,000 wamebonyeza kiungo. Kama ukurasa unafunguka haraka na wawili kati ya kila 100 wananunua, umeuza 20. Kama asilimia 53 wanatoroka kabla haujafunguka, waliobaki ni 470, na umeuza 9. Video ni ileile, bidhaa ni ileile. Na kama ulilipia tangazo, imekuwa mbaya zaidi, kwa sababu umelipa pesa kwa kila kubonyeza, hata kwa wale ambao hawakuwahi kuona picha ya kiatu chako.

Uzito wako analipa mteja

Hapa ndipo naona watu wengi wanakosea kufikiri. Wanaona kuchelewa ni kupoteza muda tu. Huku kwetu, kuchelewa ni pesa, na pesa yenyewe inatoka mfukoni mwa mteja.

Chukua ukurasa wa megabaiti 6, ambao si ajabu kabisa kwa duka lenye picha nyingi. Kwa mtandao hafifu wa megabiti 1 kwa sekunde, huo ukurasa unahitaji sekunde 48 kuingia wote. Sasa ongeza hii: mtu amebaki na MB 30 za bando lake. Kurasa tano za duka lako zinammaliza kabisa. Ameingia kuangalia sketi, ametoka bila sketi na bila bando. Unadhani atarudi? Atarudi kwa nini?

Mimi hilo naliita suala la heshima. Kogo wangu akiuziwa unga uliochanganywa na mchanga, tutasema ameibiwa. Ukimlazimisha mteja kulipia video inayojicheza yenyewe ambayo hakuiomba, matangazo manne yanayoruka, na picha ya MB 4 inayoonekana kwa skrini ndogo kama kadi ya kitambulisho, si ni mchanga huo? Amelipa data, amepokea takataka.

Kuna stori moja ya YouTube ambayo kila mtu anayeuza mtandaoni Afrika anafaa kuijua. Mhandisi mmoja wa huko, Chris Zacharias, aliandika mwaka 2012 jinsi alivyojaribu kupunguza ukurasa wa kutazama video kutoka MB 1.2 mpaka chini ya KB 100. Mradi ukaitwa Feather, yaani unyoya. Alipoutoa kwa watu, takwimu zikamshangaza: wastani wa muda wa kufunguka ukapanda! Ukurasa mwepesi mara kumi na zaidi, halafu eti unaonekana umekuwa polepole. Alikaribia kuchanganyikiwa, mpaka mtu akaangalia watumiaji walikuwa wanatoka wapi. Kumbe watu wa sehemu za Afrika, Amerika Kusini, Kusini-Mashariki mwa Asia na hata Siberia walikuwa wameanza kuingia kwa wingi. Zamani ukurasa wa kawaida ungewachukua zaidi ya dakika 20, kwa hivyo walikuwa wameacha kujaribu. Sasa ukawachukua dakika mbili. Dakika mbili ni nyingi, lakini inawezekana. Hao watu waliingia na mitandao yao ya polepole, ndiyo maana wastani ukapanda.

Soma hiyo tena pole pole. Kabla ya hapo, hawakuwa kwenye takwimu kabisa. Hakuna mtu YouTube aliyejua wanawakosa. Ndivyo ilivyo kwa duka lako. Ukifungua takwimu zako na kuona wateja wote wanatoka Nairobi na Eldoret, usikimbilie kusema "watu wa Bomet hawanunui vitu mtandaoni." Labda walibisha, mlango ukakwama, wakaenda.

Mbona zinachelewa hivyo?

Sababu ya kwanza ni picha, na hii ndiyo rahisi kuliko zote. Simu za siku hizi zinapiga picha ya MB 4 bila shida. Mtu anapiga picha nane za bidhaa na kuzipandisha vilevile zilivyo. Hiyo ni MB 32 kwa ukurasa mmoja. Ukizipunguza mpaka upana wa pikseli 800 hivi na kuzihifadhi kwa mfumo wa WebP, kila moja inaweza kushuka mpaka karibu KB 80. Zote nane zinakuwa KB 640. Umepunguza uzito mara 50, na kwa skrini ya simu hakuna mtu ataona tofauti.

Ya pili ni vikorokoro. Kidirisha cha mazungumzo pembeni, theluji inayoanguka Desemba (theluji gani Sotik?), fonti tano, vihesabuji vya watembeleaji, vitufe vya mitandao kumi ya kijamii. Kila kimoja kinaleta kodi yake, na simu ya bei ya chini inapaswa kuisoma yote kabla mteja hajabonyeza chochote. Watu wanasahau kwamba kasi si mtandao peke yake. Simu yenyewe inachoka. Ukurasa unaweza kuwa umeshaingia lakini kitufe hakiitikii, kwa sababu kichwa cha simu bado kinahangaika na vikorokoro vyako.

Ya tatu ni umbali. Kama tovuti yako inakaa kwenye seva huko Ulaya au Marekani, kila ombi linapita chini ya bahari na kurudi. Kwenda na kurudi Ulaya ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inasikika kidogo, lakini kabla ukurasa haujaanza kuja, simu na seva zinatafutana, zinasalimiana, zinakubaliana kuhusu usalama, ndio ombi linatumwa. Safari nne hivi, na karibu nusu sekunde imeisha kabla hata herufi moja haijaonekana.

Na hili suala la umbali Kenya tunalijua vizuri. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili, kama zilikuwa na kampuni tofauti za intaneti, ilikuwa inapanda setilaiti, inaenda ng'ambo, halafu inarudi Nairobi. Ni kama utoke Sotik kwenda Kaplong kwa kupitia London. Ndiyo maana kampuni za intaneti ziliungana kuanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data hapahapa Kenya. Kilianza Novemba 2000, msimamizi wa mawasiliano akakifunga mwezi uliofuata, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Julai 2009 kebo ya SEACOM ikawashwa Mombasa, na TEAMS ikafuata mwaka huohuo. Ripoti ya Internet Society ya 2020 ilisema data ya Wakenya inayopatikana ndani ya eneo letu ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi asilimia 70 mwaka 2020. Watu walipigania hizo milisekunde miaka mingi. Halafu wewe unakuja kuweka theluji.

Bado hatujatoka msituni, lakini. Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu siku moja, na Afrika Mashariki yote ikatambaa. Siku kama hiyo, tovuti nyepesi inachechemea lakini inafika. Nzito inalala njiani.

"Lakini sisi tunauza WhatsApp"

Nasikia hii kila mara, na ina ukweli mwingi. Tovuti ya nini, si nitaweka picha kwa statasi, mtu anitumie meseji, anilipe kwa M-Pesa, nimtumie mzigo na matatu? Sawa. Kama hiyo inakutosha, endelea. Sitamwambia mtu anayeuza keki tano kwa wiki ajenge tovuti.

Lakini jiulize ni kwa nini WhatsApp na M-Pesa zilikubalika hivi. M-Pesa ilianza Machi 2007 kwa simu za kawaida kabisa, bila intaneti. Mpaka leo ukibonyeza *334# kwa kabambe ya kogo inaitikia, hata mahali ambapo mtandao ni ule wa kupanda juu ya jiwe. WhatsApp nayo inapunguza picha yenyewe kabla ya kuituma. Zilishinda kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba ziliheshimu mtandao hafifu. Kwa hivyo ukisema "mimi niko WhatsApp," unaniunga mkono tu. Umechagua kitu chepesi.

Shida ni siku biashara itakapokua. Watu 200 wakikuuliza "bei gani?" kwa siku moja, hutaweza kujibu wote. Akaunti ikifungiwa, duka limeenda nayo. Na mtu asiyekujua, anayetafuta "asali Bomet" kwa Google, hawezi kuona statasi yako. Hapo utahitaji tovuti, na Google yenyewe inaangalia kasi inapopanga nani awe juu: ilianza 2010 kwa kompyuta, na Julai 2018 ikaingiza kasi ya simu pia. Kasi si kigezo pekee, na wala si kikubwa kuliko kuwa na kitu ambacho mtu anatafuta, lakini imo.

Wengine wanasema, "Hiyo ni shida ya kampuni ya simu, si yangu." Ni kweli mlingoti siwezi kuujenga, na wewe huwezi. Mvua ya hapa ikinyesha mchana na stima ikipotea, hatuna la kufanya. Lakini picha ni yako. Video inayojicheza ni wewe uliiweka. Rekebisha ile sehemu iliyo mkononi mwako kwanza, halafu tuwalaumu wakubwa pamoja.

Na wengine wanasema 5G inakuja, tungoje. Safaricom ilianza kuiuza rasmi Oktoba 2022. Manze, hebu tuwe wakweli: mtandao ukiongezeka kasi, watengenezaji nao wanaongeza mizigo. Ukurasa wa kawaida wa simu leo duniani unapita MB 2. Barabara imepanuliwa, magari yameongezeka, foleni iko palepale. Na mteja wako hatanunua simu ya 5G ili aone sketi ya bob 600.

Kuchelewa kunanuka ukora

Kitu kimoja ambacho takwimu za Ulaya hazisemi ni hiki: Kenya, kuchelewa kunatisha. Tumetapeliwa sana mtandaoni. Kila mtu ana binamu aliyetuma pesa akaletewa hewa. Kwa hivyo mteja wetu anaingia akiwa ameshika moyo. Ukurasa ukikwama sehemu ya kuvinjari, anakereka. Ukikwama sehemu ya kulipa, anaogopa.

Niliwahi kuagiza begi kutoka kwa duka moja la mtandaoni, na sitalitaja. Nilibonyeza "Lipa," hakuna kitu. Hakuna ujumbe, hakuna alama, ukurasa umeganda. Nikangoja. Je, nibonyeze tena, nikatwe mara mbili? Nifunge, nipoteze oda? Nilifunga. Pesa haikukatwa, lakini hilo duka sijarudi. Na inawezekana begi lilikuwa zuri sana na wenyewe ni watu waaminifu. Sitawahi kujua.

Ndiyo maana nasema, kama utaweka nguvu mahali pamoja, weka kwa ukurasa wa kulipia. Uwe mwepesi kuliko zote. Mtu akibonyeza, kitufe kibadilike papo hapo na kuandika "Subiri, angalia simu yako uweke PIN." Kitufe kisikubali kubonyezwa mara mbili. Hata kama malipo yenyewe yanachukua sekunde ishirini, mteja akijua kinachoendelea anatulia. Kungoja ukijua unangoja nini ni tofauti sana na kungoja gizani.

Kwa upande mwingine, nisikudanganye. Kasi haitaokoa bidhaa mbaya. Tovuti ikifunguka kwa sekunde moja na ndani kuna jezi feki kwa bei ya orijino, umemsaidia tu mteja kukukimbia mapema. Waliosema chema chajiuza hawakukosea. Lakini hata hicho chema, lazima mtu akione kwanza.

Fanya hivi wiki hii

Azima simu ya bei rahisi kabisa kwa nyumba, ile ya bob elfu nane yenye kioo kimepasuka. Zima waifai. Nenda mahali watu wako walipo: stendi ya matatu, au ndani ya matatu yenyewe kuelekea Kaplong. Fungua duka lako kama mgeni na uhesabu sekunde. Facebook waliwahi kufanya kitu kama hicho: mwaka 2015 walianzisha Jumanne za 2G, wafanyakazi wakapewa nafasi ya kutumia programu yao kwa kasi ya 2G kwa saa moja, ndio waone wanachoona wengine. Kama kampuni tajiri hivyo ililazimika kujikumbusha, wewe mwenye duka la mitumba huna kisingizio.

Ukishahesabu, anza na picha, kwa sababu hazihitaji mtaalamu. Punguza zote. Ondoa video inayojicheza yenyewe. Ondoa kila kitu ambacho mteja hajawahi kukuuliza. Weka picha za chini zisiingie mpaka mtu ateremke kuzifikia. Kama umelipa mtu akutengenezee tovuti, usimwulize tu "inapendeza?" Mwulize ukurasa wa kwanza una MB ngapi, na kitu kikuu kinaonekana baada ya sekunde ngapi kwa simu. Google inasema sekunde 2.5 au chini ndiyo nzuri. Akianza kukupigia hadithi za muundo wa kisasa, mpe ile simu ya kioo kilichopasuka, mkae pamoja, mngoje.

Tumezoea kuambiana haraka haraka haina baraka. Kwa mambo ya ndoa na mikopo, sawa, nakubali. Kwa duka la mtandaoni nachukua ile nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo. Na tumbo litakaloumia kwanza ni la mwenye duka.